Mikono Kwanza, Dua Baadaye: Maisha ya Babu Hashimu wa Kinu cha Kizota

Asalaam aleikum. Wageni wetu wa Zuzu, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wote, shikamooni.

Mimi ni Nasra, mjukuu wa marehemu, mtoto wa binti yake Mishi. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya Babu kabla hajatoka hapa nyumbani kwenda msikitini, na Mjomba Uwesu ameniambia nisisome mbio kama ninavyotuma voisi kwenye grupu. Nitajaribu. Karatasi mmegawiwa, zimechapwa asubuhi hii stationari ya pale karibu na kinu, kwa hiyo nikikwama mtaendelea wenyewe. Bibi Hamida yuko ndani, ameshaanza kukaa eda, ila dirisha liko wazi na anasikia kila kitu. Bibi, nikikosea wewe kohoa.

Mzee Hashimu Uwesu alizaliwa kijiji cha Busi, wilaya ya Kondoa, tarehe 1 Julai 1953. Hiyo ni tarehe ya kwenye kitambulisho. Tarehe yenyewe hakuna anayeijua, na Babu alikuwa anasema wazee wote wa Busi wamezaliwa tarehe moja Julai, sijui mkunga wao alikuwa anafanya kazi siku moja tu kwa mwaka. Mama yake aliwahi kumwambia kwamba alizaliwa wakati wa uwele, ndege wamejaa shambani, na kwamba yeye alilia kuliko wale waliokuwa wanafukuza ndege. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Uwesu, mkulima wa mlimani. Aliyemfuata ni Babu Shaaban, huyu hapa mbele mwenye fimbo, ambaye wamebishana naye miaka yote na jana ndiye aliyemfumba macho.

Alisoma shule ya msingi Busi kuanzia mwaka 1962 hadi darasa la nne, basi. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache na mbuzi wa baba yake walikuwa wengi. Ila madrasa alisoma mpaka akahitimu, kwa Maalim Habibu, Mungu amrehemu, na huko ndiko lilikoanzia jambo ambalo nyote mnalijua kuhusu Babu.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Mtoto mmoja akaanguka katikati ya darasa, macho yamegeuka. Maalim akawaambia wote wainue mikono wamwombee. Wakainua. Dua ikaenda, ikaenda, yule mtoto bado yuko chini. Babu akanyoosha kidole.

"Maalim, kwani kwako hakuna uji?"

Akala kiboko. Kimoja, cha mgongoni. "Unakata dua ya watu?"

Maalim akafunika msahafu, akaingia ndani, akatoka na bakuli mwenyewe, hakumtuma mtu. Yule mtoto akanywa, akakaa, akaangalia watu kama kondoo aliyeamshwa. Ndipo Maalim akasema, "Haya. Sasa tuombe."

Babu alikuwa anaisimulia hii akicheka mpaka anashika mbavu. Anasema, "Kiboko nilistahili mimi, na uji alistahili yule. Maalim hakumdhulumu mtu siku ile." Na alikuwa anasisitiza sana kwamba aliyempa akili hiyo hakuwa mtu wa siasa wala mzungu wa mradi, alikuwa mwalimu wake wa dini, aliyekubali kusahihishwa na mtoto halafu akarudi kwenye dua yake vizuri tu.

Mwaka 1974 alikuja Dodoma kutafuta maisha. Alibeba zege, alilinda maghala ya nafaka, alipakia mabehewa. Nitarudi kwenye kazi, ngoja kwanza niseme ya ndoa kwa sababu Bibi ameniruhusu na anaweza kubadilisha mawazo.

Mwaka 1979 Babu alirudi Busi kuposa. Alikuwa na kanzu mpya nyeupe, ya kuazima, na mshenga wake ameshajipanga maneno. Njiani wakakuta watu wamesimama ukingoni mwa korongo. Makorongo ya Kondoa mnayajua, ardhi imepasuka kama imekatwa na kisu. Ng'ombe wa mtu alikuwa ametumbukia, mvua imenyesha, chini ni matope matupu. Mshenga akasema, "Hashimu, tumwombee mwenye ng'ombe, twende, tunasubiriwa." Babu akamshikisha kofia, akashuka.

Walifika kwa wakwe jua linazama. Mshenga alikuwa msafi. Bwana harusi alionekana meno tu. Wazee wakamtazama, mpaka ikasikika sauti ya msichana kutoka jikoni: "Hivi anayeposa ni yule msafi au ni yule wa matope?"

Mtu akajibu, "Wa matope."

"Basi mpeni maji aoge. Mimi nimekubali."

Baba yake Bibi alikasirika sana, si kwa sababu ya matope, ila kwa sababu binti amejibu kabla hajaulizwa. Ndoa ilifungwa Busi mwezi Novemba mwaka huo huo, na kanzu ya watu haikutakata hadi leo.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni Mjomba Uwesu. Wa pili ni mama yangu, Mishi. Wa tatu alikuwa Sikudhani.

Hapa nitasoma polepole.

Mwezi Machi mwaka 1986 walikuwa wamekwenda Busi kusalimia. Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza anatembea. Akashikwa na homa, akaanza degedege. Babu akambeba mgongoni, Bibi nyuma yake, wakaanza kutembea kwenda Kondoa mjini hospitali. Hakukuwa na basi siku ile. Likaja lori. Babu akasimama katikati ya barabara, lori likasimama, dereva akateremsha kioo, akamsikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mtoto. Akasema, "Poleni sana ndugu zangu. Tutawaombea." Akaondoka.

Sikudhani alifariki mgongoni kwa baba yake kabla hawajafika. Babu hakujua ni saa ngapi. Bibi ndiye aliyeona, kwa sababu alikuwa nyuma, na hakusema, akamwacha atembee.

Tangu siku ile Babu hakuacha kusali. Nawaambia kwa sababu kuna watu hapa mtaani walikuwa wanafikiri aliacha. Swala tano, mvua jua, na kofia yake ilikuwa inanuka mafuta ya alizeti mpaka waliokuwa wanasujudu safu ya nyuma yake wanalalamika. Kilichobadilika ni kwamba hakuruhusu tena mtu amwambie "tutakuombea." Ukimwambia hivyo anakukata hapo hapo: "Mikono kwanza." Mtu akiwa na shida, Babu anauliza, "Nifanye nini?" Anafanya. Akimaliza ndiyo anainua mikono, anamwombea, na anamwombea vizuri kwelikweli. Ila yeye mwenyewe aombewe? Hapana. Hata Bibi alikuwa anamwombea jikoni, kimyakimya, kama mtu anayeiba sukari.

Sasa kazi. Mwaka 1998, baada ya miaka mingi ya kufanyia watu kazi, Babu alifungua kinu chake cha kukamua alizeti hapa Kizota, mashine moja ya mtumba yenye kelele ya kugombana. Nyote mmepita pale. Wafugaji walikuja kuchukua mashudu ya kulishia ng'ombe, akina mama wakaja na madumu, na mtu asiye na kitu alikuwa anaondoka na chupa ya mafuta na hakuna aliyejua kapewa au kanunua, kwa sababu Babu alikuwa anawafokea wote sawasawa. Ole wako useme "Mungu atakulipa." Anasema, "Usimpe Mungu kazi ya kunilipa. Nimekupa kwa kuwa unapika leo. Nenda kapike."

Babu Shaaban hili lilikuwa linamkera, na walikuwa wanagombana juu ya hilo nje ya msikiti kila Ijumaa. Babu Shaaban naomba radhi, nakusema ulivyosema.

"Hashimu, wewe thawabu huzitaki? Umewazidi malaika?"

"Nazitaka sana, mdogo wangu. Usiku silali nazitamani."

"Sasa mbona unawakataza watu wasikuombee malipo?"

"Kwa sababu sitaki mwenye njaa ajue kwamba yeye ndiyo ngazi yangu ya peponi. Nikimpa uji, mimi namwangalia yeye. Mungu ananiona tu, hana haja ya kuitwa."

"Hayo ni maneno ya watu wasio na dini."

"Basi na wao wamesema kweli siku moja, waachie."

Na kweli wasio na dini nao walikuwa wanakuja. Kuna kaka mmoja, Bupe, alikuwa anasoma chuo na amepanga chumba nyuma ya kinu, yule pale mwenye miwani. Siku ya kwanza alimwambia Babu kwa kujiamini, "Mzee, mimi niseme ukweli, dini sina. Mimi nafuata utu tu."

Babu akamwambia, "Karibu sana. Shika gunia hili upande ule."

Wakabeba. Wakabeba mpaka kaka Bupe mgongo ukamkatika, na walipokaa chini ndipo akauliza, "Mzee, hivi ungekuwa huna dini, haya yote ungeyafanya?"

Babu alifikiri. Akasema, "Ningefanya. Ila ningechoka mapema."

Bupe aliniambia jana kwamba jibu hilo bado linamsumbua.

Halafu kuna ya Zuzu. Hii familia nzima imesema nisipoisoma nisirudi nyumbani.

Mwaka 2004, mwezi Septemba, mteja mmoja wa kinu alifariki huko Zuzu, Mwislamu mwenzetu. Babu akasikia taarifa amechelewa, akaenda mbio. Akafika, akaona turubai, watu wamekaa, vijana wako makaburini wanahangaika na ardhi ya Septemba, na mnajua ardhi ya huku Septemba ni kama sakafu. Hakuuliza. Akavua koti, akachukua sururu, akaingia shimoni. Vijana wakafurahi wakamwachia. Alichimba mpaka kichwa kikapotea. Shimo likawa zuri, limenyooka. Basi, kama tunavyofanya sisi, akageuka upande wa kibla, akaanza kuchonga mwanandani, ile nafasi ya pembeni tunayomlaza maiti.

Kijana mmoja akachungulia juu. "Mzee, samahani. Hicho chumba cha nini?"

Babu akasema, "Cha marehemu. Kwani cha nani?"

Halafu akasikia kwa mbali kwaya inaanza.

Hapo Babu akaelewa kwamba yuko kwenye msiba mwingine kabisa. Msiba wake ulikuwa ng'ambo ya reli na walikuwa wameshazika. Huu ulikuwa wa Mzee Mazengo, ambaye hajawahi kumwona maisha yake yote. Akasema siku ile alitamani abaki humo humo wamfukie. Akaanza kurudishia udongo haraka haraka kuziba kile chumba, anaomba radhi, jasho linamtoka. Yule kijana, ambaye ni Gaudence mtoto wa Mzee Mazengo, akashuka akamshika mkono.

"Mzee, acha. Baba alikuwa anapenda nafasi. Atanyoosha miguu."

Wakacheka wote wawili humo ndani ya kaburi, watu juu wanashangaa. Walipotoka wanawake wakamuuliza Babu, "Wewe ni wa upande wa mama yake?" Akasema, "Mimi ni wa upande wa alizeti." Aliketi, akala chakula cha msiba, akafuata kaburi la yule mteja wake jioni akiwa na vumbi la watu wengine. Na tangu hapo Anko Gaudence ni mtoto wa nyumba hii. Sikukuu zetu yuko, Krismasi yao tuko.

Ugonjwa.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, chakula kilianza kumkwama Babu. Hakusema. Alikuwa anakula na maji, tonge maji, tonge maji, mpaka Bibi akamwona anaacha ugali, na Babu tangu ndoa hajawahi kuacha ugali. Januari mwaka huu wakampima, wakaingiza kamera kooni. Wakasema ni saratani ya koo la chakula na imeshasambaa. Wakampeleka Dar es Salaam, wakarudi. Waliweka mpira wa kupitishia maziwa, ukasaidia miezi michache. Daktari alikuwa mpole sana. Alimweka Mjomba Uwesu pembeni akamwambia mrudisheni nyumbani, mkae naye.

Sasa hapa ndipo palipotushinda wote.

Kwa sababu Kizota nzima ilikuja, na ilikuja na uji. Mnajua wenyewe. Uji wa ulezi, uji wa mchele, uji wa karanga, mtori. Chupa zilipangwa mezani mpaka zikaenda dirishani, kila moja ina kitambaa chake na jina la mwenyewe, na hakuna tone lililopita. Mtu aliyekula kiboko kwa ajili ya uji wa mwenzake, uji ukawa umejaa chumba kizima na hauna pa kwenda. Wanaokuja wanakaa, wanaangalia chupa, wanamwangalia yeye.

Na dua hakuna aliyethubutu. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Kila mtu anajua sheria ya Babu, mikono kwanza, na kila mtu mikono yake imeshindwa, sasa utamwombea vipi? Mama Tumsifu wa jirani siku moja alianza, "Baba, sisi tutakuom," akameza, akasema, "tutakuja tena kesho." Sheikh wetu mwenyewe alikuja, akakaa, akaaga, na midomo ilikuwa inatingishika akifika getini.

Basi watu wakaanza kutafuta kazi. Yoyote. Geti letu lilipakwa rangi mara mbili mwezi mmoja. Uani palifagiliwa mpaka tukaanza kuona mizizi. Tenki la maji lilijazwa likamwagika. Kaka Bupe alipanga magunia ya kinuni kwa ukubwa, halafu akayapangua akayapanga kwa rangi. Mimi nilikuwa na simu, nikatafuta humo kila dawa, kila mmea, kila daktari wa kila nchi, nikapeleka kwa Mjomba Uwesu meseji mpaka akaniambia kwa upole, "Nasra, mama, inatosha." Anko Gaudence alikuwa anakuja kutoka Zuzu na boksi lake la vifaa, anazunguka nyumba anagonga kuta, anauliza, "Hapa hapajalegea?" Hapajalegea. Anauliza tena.

Jumapili iliyopita, tarehe 10 Agosti, mchana, Babu alitaka tuingie wote. Sauti ilikuwa imebaki kama ya karatasi. Alikuwa amelalia ubavu, anatuangalia mmoja mmoja.

"Gaudence. Geti limebaki?"

"Limekwisha, Mzee. Limekwisha zamani."

"Maji?"

"Yamejaa."

"Hamida. Uji?"

Bibi akasema, "Uji upo, Baba Uwesu. Uji upo mwingi. Haupiti."

Tukakaa. Nje mtu alikuwa bado anafagia. Babu alifumba macho tukadhani amelala. Halafu akasema, macho yamefumbwa, "Yule wa lori."

Kwenye nyumba yetu lori hilo halitajwi.

"Nafikiri, labda na yeye mikono ilikuwa imemwishia. Labda hakuwa na nafasi."

Bibi Hamida alikuwa amemshika mguu. Hakumwachia, ila akasema, "Alikuwa na nafasi, Baba Uwesu. Nyuma palikuwa patupu. Mimi nilichungulia."

Babu akasema, "Basi na yeye aombewe."

Kisha akafungua macho, akaitazama mikono yetu, kwa sababu wote tulikuwa tumeiweka mapajani kama watoto waliofika shule mapema. Akasema, "Mikono imemaliza. Haya. Sasa tuombe."

Babu Shaaban alianza Alhamdu, sauti ikamkatikia, Mjomba Uwesu akaidaka. Anko Gaudence alifanya ishara ya msalaba na akasema yake taratibu. Kaka Bupe alikuwa mlangoni, hakuondoka, aliinamisha kichwa tu. Bibi aliomba kwa sauti kubwa, kwa Kirangi na Kiswahili na Kiarabu, vimechanganyika, yote aliyokuwa ameyaficha jikoni tangu 1986. Na Babu alikuwa anatuangalia kama mtu aliyeletewa zawadi kubwa hajui aiweke wapi. Hakupona. Sijui kwa nini nilifikiri atapona. Nilifikiri amekubali kuombewa, basi sasa itafanya kazi, na nilimtazama koo siku nne.

Mzee Hashimu Uwesu alifariki nyumbani kwake Kizota jana, Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, wakati wa alasiri, akiwa na umri wa miaka 72. Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa moja, kumlowanisha midomo kwa pamba. Nilikuwa nafanya mimi. Bibi alisema usiache, nikaendelea, mpaka akanishika mkono akasema, "Sasa acha."

Asubuhi hii, kabla hatujatandika hata mikeka, Anko Gaudence alifika na vijana wa Zuzu na masururu. Babu Shaaban alisita, akampigia Sheikh kuuliza kama inafaa. Sheikh akasema kuchimba ni kazi ya mikono, wachimbe, ila mtu awaonyeshe kibla. Babu Shaaban akaenda kuwaonyesha mwenyewe, na fimbo yake. Wamerudi sasa hivi, mnawaona pale nyuma, suruali zote vumbi. Anko Gaudence amesema mwanandani ameuchonga yeye, hakumwachia mtu, na amenituma niseme hivi: "Mwambieni Mzee, safari hii chumba kipo mahali pake."

Marehemu ameacha mjane, Bi Hamida. Watoto wawili, Uwesu na Mishi. Mdogo wake, Mzee Shaaban. Wajukuu saba, mimi nikiwa mkubwa wao. Gaudence Mazengo na nyumba yote ya Zuzu. Na kinu, ambacho leo kimezimwa na mtaa unasikika ajabu. Ametanguliwa na wazazi wake na binti yake Sikudhani, aliyezikwa Busi.

Bibi ameniambia niongeze jambo. Uji uko jikoni, umepikwa upya, ni mwingi. Kuna watoto wa madrasa wamekuja moja kwa moja bila kula na anawaona kupitia dirishani. Wapewe kwanza, kabla jeneza halijainuliwa. Amesema hatoki mtu hapa mpaka wanywe, na kwamba marehemu anaweza kusubiri, amezoea.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo koo halimuumi na ambapo mtoto wake anatembea. Maji yamechotwa, ameoshwa. Sanda imekatwa. Kaburi limechimbwa, limenyooka. Sisi hatuna tena cha kukufanyia, Babu.

Haya. Sasa tuombe.